Nasoro, usiongeze mabamba kwanza

Ngamiani, Tanga

Ndugu yangu Nasoro,

Assalaam alaykum. Huku hatujambo. Mama yako mdogo wa Chumbageni anaendelea vizuri na mguu, na Hatibu amesharudi kutoka Pangani. Uniwie radhi kwa kimya cha tangu mfungo. Leo imenibidi nikuandikie haraka, kwa sababu Kassimu amenionyesha ile video ya gari lako kwenye jangwa la Wahiba huko Omani, akaniambia kwamba Alhamisi unapeleka gari kwa fundi kuongezwa mabamba mawili ya springi nyuma. Nakuomba usipeleke. Angalau Alhamisi hii usipeleke.

Video nimeitazama mara nyingi. Mkia unanyanyuka, dumu la maji linaruka juu ya bodi, kisha pua inazama mchangani. Wewe unasema springi ni laini. Mimi naona kitu kinachousukuma mkia juu. Springi ikibanwa inaweka nguvu, ikiachiwa inairudisha, na wa kuizuia isiirudishe kwa pupa ni shokapu. Ukiongeza mabamba mawili, nguvu inayorudi inakuwa kubwa zaidi na shokapu ni zilezile. Utalipa pesa ili mkia uruke zaidi.

Kwa hiyo nijibu kwanza hili, maana bila hili hata mimi nabahatisha: linakurusha kwenye tuta la ngapi?

Kama ni la kwanza, umetoka kwenye mchanga tambarare ukalikuta tuta moja na papo hapo mkia ukaruka, basi shokapu hazishiki wakati wa kurudi. Lakini kama la kwanza na la pili unapita vizuri, la tatu gari linaanza kuchezacheza, na la tano ndilo linalokutoa kitini, ugonjwa ni kinyume chake: zinashika mno. Gurudumu limepanda, halijamaliza kushuka tuta jingine limefika, linapanda tena likiwa bado juu. Kila tuta linaiba milimita chache, mpaka ekseli inagonga mpira wa kikomo chini ya chasisi, na ule mpira ndio unaokurusha. Kwa macho magonjwa haya mawili yanafanana kabisa. Dawa ya moja ni sumu kwa jingine.

Liko na la tatu: nusu saa ya kwanza gari safi, baadaye ndiyo linaharibika. Hilo ni joto. Mafuta ya ndani yamekuwa mepesi, hayazuii tena. Ukilikuta hilo usizungushe kitu, simama shokapu zipoe. Na ukisimama, sogeza kiganja karibu na kila shokapu bila kuigusa, maana itakuunguza. Za nyuma mbili zinatakiwa ziwe na joto linalokaribiana. Ile iliyo baridi ndiyo iliyokufa, haifanyi kazi, na mwenzake anabeba ya wawili.

Sasa vipimo. Pakia gari kama unavyoingia nalo jangwani: tanki limejaa, maji, tairi la akiba, jeki, mizigo, na abiria wamekaa. Tairi ziwe na upepo uleule wa mchangani, psi 15 hadi 18, kwa sababu tairi nalo ni springi na ukijaribu matuta kwa psi 35 umejaribu gari jingine. Pima kutoka katikati ya gurudumu hadi ukingo wa bodi juu yake, kushoto na kulia, uandike. Kisha pima nafasi kati ya mpira wa kikomo na pale unapogonga kwenye ekseli: hiyo ndiyo safari ya kupanda. Halafu nyanyua chasisi, usinyanyue ekseli, weka stendi imara, uache magurudumu yaning'inie. Pima tena hadi ukingo wa bodi. Tofauti ndiyo safari ya kushuka.

Kwa mchanga wa kwenda kasi napenda safari ya kupanda iwe karibu mara mbili ya ile ya kushuka. Kwa pikapu ya mabamba kama yako, hata mafungu matatu ya kupanda kwa mawili ya kushuka yanatosha. Tuseme umepata milimita 120 za kupanda na 80 za kushuka. Mabamba mawili yakilinyanyua gari milimita 40, kushuka kunabaki 40 tu, maana anayekomesha kushuka ni urefu wa shokapu, na huo haujabadilika. Kila ukipita kishimo gurudumu litaning'inia hewani na shokapu itavutwa hadi mwisho wake, ko, ko, ko, mpaka bushi zake, ile mipira ya kwenye viungio, zitoke au kiungio kipasuke.

Ila ukipima na mzigo ukakuta milimita 50 tu za kupanda, nitakubali kwamba springi zimechoka. Hata hapo ningekushauri seti nzima iliyotengenezwa kwa uzito wako, usichanganye mabamba mapya na yaliyolegea, na shokapu zirekebishwe zifuatane nayo.

Kassimu anasema ulinunua shokapu zile zenye chupa ya gesi pembeni na vifundo viwili vya kurekebishia. Kama ni hivyo una bahati, majaribio ni bure. Ondoa kifuniko cha vumbi, funga kikamba cha plastiki cha kubania nyaya kwenye fimbo ya shokapu, kibane kiasi, ukisogeze kiguse mwili wake. Ukimaliza kipande cha matuta, angalia kimesukumwa hadi wapi. Kikibaki katikati, hujagonga mwisho. Kikisagika kabisa, shokapu yenyewe ndiyo inayogota, na hilo ni baya kuliko yote: mpira wa kikomo lazima uigote ekseli kabla, shokapu ibakiwe na milimita 10 hadi 15. Ikiwa haibakiwi, weka mpira mrefu zaidi, ule laini unaobanika taratibu na kuanza kazi mapema, kwenye milimita 60 za mwisho.

Kifundo cha kurekebisha kurudi kwa springi kwa kawaida kiko chini, karibu na jicho la shokapu. Kizungushe taratibu upande wa kukaza mpaka kigome, ukihesabu mibofyo, uandike, ukirudishe kilipokuwa. Sasa una pa kuanzia. Likirusha tuta la kwanza, kaza mibofyo miwili. Likirusha la tano, legeza miwili. Pande zote mbili sawa, njia ileile, mwendo uleule, na usiguse kifundo cha chupa siku hiyo. Ukigeuza vitu viwili kwa pamoja hutajua kipi kimekuponya. Ukifika mwisho wa kukaza na tuta la kwanza bado linarusha, vile visahani vyembamba vya chuma vinavyofunika matundu ya pistoni havitoshi, na hiyo ni kazi ya mtu mwenye vifaa.

Gesi usiiguse mwenyewe. Ile chupa inajazwa naitrojeni, nyingi hukaa kati ya psi 150 na 200. Kipimo cha tairi ukikibandika kinamwaga sehemu ya presha kabla hujasoma namba. Upepo wa kompresa una unyevu. Na mtu yeyote akikuambia atajaza oksijeni ya kuchomelea, ondoka hapo na gari lako: oksijeni yenye presha ikikutana na mafuta inalipuka. Gesi ikipungua, mafuta yanatoa povu, na povu halizuii kitu.

Ukiwa chini ya gari, tazama springi zenyewe. Vile vibanio vinavyoyashika mabamba pamoja vikikatika, gurudumu likishuka bamba kuu linabaki peke yake, nalo ndilo litakalovunjika. Usipake grisi kati ya mabamba, inakusanya mchanga na kuwa msasa. Bolti za U, zile zinazofunga springi kwenye ekseli, zikiwa zimekwisha kuvutika usizirudishe. Mpya zikazwe kwa kupishana, kisha ukaze tena baada ya kilomita 100, maana zikilegea bolti ya katikati inakatika na ekseli inahama. Bushi zikaze gari likiwa limesimama kwa magurudumu yake. Ukizikaza likining'inia, raba inakaa imejipinda siku zote na itapasuka mapema.

Na kama lako ni Land Cruiser pikapu ya V8, hizo zilizoanza 2007, usishangae mkia kuyumba mchangani. Magurudumu ya nyuma yamekaribiana kuliko ya mbele, hayafuati njia iliyokwisha kukanyagwa. Hilo shokapu hazilitibu.

Nijibu kabla ya Alhamisi, hata kwa sauti. Tuta la ngapi? Linarusha ukiwa umekanyaga mafuta, au hata ukiachia? Kikamba kimefika wapi kushoto, na kulia? Gari na mzigo wake umewahi kulipima uzito? Yule fundi amekuuliza lolote kati ya haya, au amekutajia bei tu? Na barua ya kijana wa Mzee Kombo ilikufikia? Bi Mwanaidi anauliza utakuja mwezi gani, ili akuwekee chumba, na mimi nauliza kama utakumbuka halua ya Maskati. Wewe uko na ngamia wenyewe, sisi Ngamiani tumebaki na jina.

Wako,
Hemedi