Barua ya wazi kwa Waziri mwenye dhamana ya wanyamapori: kuhusu flashi na taa za usiku

Mheshimiwa Waziri,

Nakuandikia nikiwa mpiga picha wa wanyama wa usiku, kazi niliyoifanya kwa miaka kumi na sita, na kwa sehemu kubwa ya miaka hiyo nimetumia flashi. Nalitanguliza hilo ili barua hii isisomwe kama lawama ya mtu asiyehusika. Ombi langu ni kwamba kanuni za kutembelea hifadhi usiku, ambazo ofisi yako ina mamlaka ya kuzitunga, ziutambue mwanga kuwa ni jambo linalomdhuru mnyama, kama zinavyotambua mwendo wa gari na umbali wa kumkaribia.

Miaka michache iliyopita nilikuwa katika gari moja na wageni sita, tukamkuta komba juu ya mgunga, hatua nne hivi kutoka tulipokuwa. Kiongozi wetu akammulika kwa tochi kubwa, na kamera nne, yangu ikiwamo, zikaanza kupiga. Komba alikaa tuli, mikono yote miwili imeshika tawi, na wageni wakausifu utulivu wake. Baada ya dakika kadhaa tochi ikazimwa ili tuondoke. Nilimsikia akiruka, kisha nikasikia majani yakichakacha na kitu kikianguka chini kwa kishindo kidogo. Tulipomulika tena alikuwa ardhini, masikio yakicheza huku na huku, akipapasa nyasi mbele yake kama mtu anayetafuta mlango gizani. Ilimchukua muda mrefu kulifikia shina lililokuwa karibu naye kabisa. Komba huishi kwa kuruka kutoka tawi hadi tawi usiku wa manane, na tangu nianze kazi hii sikuwahi kumwona mmoja akilikosa tawi. Nilishusha kamera, lakini nilikuwa nimekwisha kumpiga picha ishirini na tatu.

Sababu yake inaeleweka. Jicho la mnyama wa usiku limejaa chembe za kupokea mwanga hafifu, na ndani ya chembe hizo mna rodopsini, kemikali ambayo nuru kali huivunja na giza huijenga upya polepole. Kwa binadamu, jicho huhitaji dakika 30 hadi 40 gizani ili lirudie uwezo wake wote. Wanyama wengi wa usiku, wakiwamo komba, simba, chui na fungo, wana pia utando nyuma ya retina (sehemu ya ndani ya jicho yenye chembe hizo) unaoirudisha nuru ipite mara ya pili katika chembe zile zile, na huo ndio unaoyafanya macho yao yang'ae tunapowamulika. Mng'ao tunaoufurahia, Mheshimiwa, ni nuru inayotoka jichoni baada ya kupita humo mara mbili.

Wenzangu wengi hujibu kwamba flashi hudumu kwa sehemu ya elfu moja ya sekunde tu, au pungufu. Hilo ni kweli, nami sidai kwamba flashi moja humpofusha mnyama. Lakini flashi haipigwi moja. Hupigwa na kila aliyemo garini, kisha na gari la pili, na la tatu. Umbali nao una hesabu yake, kwa kuwa nuru hupungua kwa mraba wa umbali, hata mnyama aliye mita 5 kutoka kwenye flashi hupata mwanga mara 16 ya ule ambao angeupata akiwa mita 20. Zaidi ya hayo, ipo tochi ya kutafutia wanyama, ambayo humkaa usoni dakika kumi mfululizo na ambayo, kwa maoni yangu, ina madhara kuliko flashi yenyewe. Ndiyo maana kibao kilichoandikwa "flashi marufuku" hakitoshi. Nimeona mara nyingi watu wakikitii kibao hicho kwa kuzima flashi na kuwasha tochi ya pili.

Naomba uniruhusu nirudi nyuma kidogo, kwa sababu asili ya kazi yetu inaeleza jambo hili vizuri. George Shiras, Mmarekani anayehesabiwa miongoni mwa waanzilishi wa kupiga picha za wanyama usiku, alikuwa mwindaji. Njia aliyoitumia ilikuwa ya kiwindaji tangu zamani: taa huwekwa mbele ya mtumbwi, mtumbwi huteleza kimya kando ya ziwa, na kulungu aliyekuja kunywa maji hushikwa na nuru akabaki amesimama, macho mawili yaking'aa kumwelekeza mlengaji. Shiras aliweka kamera na unga wa magnesi, unaowaka ghafla kwa nuru kali, mahali pa bunduki, na Julai 1906 jarida la National Geographic likachapisha picha zake 74. Mtu huyo huyo, akiwa mbunge mwaka 1904, ndiye aliyepeleka katika Bunge la nchi yake muswada wa kuwalinda ndege wanaohama. Hakuona ugumu wowote kuipenda picha na kutaka sheria.

Sheria za uwindaji za nchi nyingi hukataza kuwinda kwa kummulika mnyama usiku, kwa kuwa watunga sheria walitambua kwamba mnyama aliyemulikwa hana tena nafasi ya kujitetea. Kusimama kwake si ridhaa wala si utulivu. Ameshikwa. Ikiwa tumekubali hivyo kwa mwenye bunduki, sioni kwa nini tuseme mnyama huyo huyo ametulia anapokuwa mbele ya mwenye kamera.

Nikiulizwa kanuni hiyo iseme nini, ningependa kwanza itaje tochi pamoja na flashi, iagize kichujio chekundu, kwa kuwa mamalia wengi huiona rangi nyekundu kwa udhaifu mkubwa, na iweke kikomo cha dakika chache kwa kila mnyama, hata kama magari ni mengi. Swala na pundamilia wasimulikwe kabisa simba wanapokuwa mawindoni, maana anayepumbazwa na nuru wakati huo hulipa kwa uhai wake, na viongozi waadilifu tayari hufanya hivyo bila kuagizwa. Kuhusu kasa sioni hata haja ya mjadala: jike anayepanda ufukweni kutaga huweza kurudi baharini bila kutaga akisumbuliwa na mwanga, na vifaranga hufuata upande wenye nuru zaidi badala ya bahari, kwa hiyo flashi na taa nyeupe zipigwe marufuku katika fukwe zao.

Watafiti wapewe njia yao. Kamera za kutega, zinazojipiga zenyewe mnyama anapopita, zikiwa na flashi nyeupe hutoa picha za rangi, kali kiasi cha kumtofautisha chui mmoja na mwingine kwa madoa yake, na picha za infraredi, yaani zinazopigwa kwa nuru ambayo jicho la binadamu haliioni, mara nyingi haziwezi kufanya hivyo. Kibali chenye sababu iliyoandikwa kinatosha. Asiye na sababu hiyo atumie kamera za infraredi za nanomita 940 (kipimo cha urefu wa wimbi la nuru), kwa kuwa zile za nanomita 850 huonyesha wekundu hafifu zinapowaka.

Hofu kwamba wageni watapungua siioni kuwa na uzito. Kamera za siku hizi, zikipandishwa ISO, yaani kipimo cha wepesi wa kuhisi mwanga, hadi 12800 na kufungwa lenzi yenye uwazi mkubwa wa f/2.8, hupata picha nzuri kwa mwanga ambao miaka ishirini iliyopita usingetosha kwa lolote. Picha zangu za miaka mitatu ya karibuni zimepigwa hivyo zote.

Kabla kanuni hazijaandikwa, nakuomba utupe usiku mmoja wa muda wako. Tutaegesha gari chini ya miti wanakoishi komba, tuzime kila taa, simu zikiwamo, na tukae dakika 40 mpaka macho yako yazoee giza. Utawaona wakiruka. Kisha, kwa idhini yako, nitawasha flashi moja ndani ya gari, nikiielekeza kwetu sisi wenyewe, na utajaribu kuwatazama tena.

Wako katika kazi,
Mpiga picha wa wanyama wa usiku