Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama, 2025

Ndugu wanachama,

Kabla sijafika kwenye hesabu na uchaguzi, nianze na habari ya kabati tunamohifadhia midoli yetu ya vinili, ile ya vivutio vya bustani za burudani za Disney, yaani michezo na maonyesho yake, maana najua wapo waliokuja leo kwa ajili hiyo tu.

Mwezi Juni kabati la chama lilihamishiwa gereji kwangu. Katibu alipinga. Mama anayetutunzia orodha naye alipinga, tena akataka iandikwe kwenye kumbukumbu za kikao kwamba amepinga. Nikawaambia ni wiki mbili tu, zulia la sebuleni libadilishwe. Wiki mbili zikawa saba, na gereji ya Florida mwezi wa saba ni tanuri. Nilipofungua kabati mwezi Agosti, midoli ilikuwa imetoa jasho. Ukiishika inanata kama kaimati zilizotoka kwenye shira.

Fundi mmoja wa plastiki alinieleza nilichokifanya. Vinili ya midoli yetu ni PVC, ambayo yenyewe ni ngumu kama bomba la maji. Ili iwe laini huchanganywa na kilainishi chenye asili ya mafuta. Joto likizidi, kilainishi hicho hutoka taratibu na kukaa juu ya mdoli, vumbi likashika hapo. Mingi tuliiosha kwa maji ya uvuguvugu na sabuni laini, tukaianika kivulini, ikarudi hali yake. Minne haikurudi. Mmoja ulikuwa umeegemea mfuko mwekundu wa plastiki na sasa una baka jekundu begani lisilotoka kwa lolote. Kuna aliyependekeza tulifute kwa dawa ya kuondolea rangi ya kucha. Tafadhali msijaribu hata nyumbani: baka litabaki, uso wa mdoli utaondoka. Kosa lilikuwa langu, na gharama ya hiyo minne nimeilipa mimi, haimo kwenye hesabu za chama.

Jambo lililotugawa zaidi mwaka huu ni lile la siku zote: tufungue masanduku au tusifungue? Wenzetu wanaokusanya Funko Pop, midoli ya vinili yenye vichwa vikubwa ya kampuni ya Funko, hawafungui. Kwao sanduku likibonyea kona, mdoli umeshuka hadhi. Sisi tulioanza na Vinylmation, midoli ya Disney ya umbo la Mickey yenye urefu wa inchi 3 iliyotoka mwaka 2008, tulizoea kisanduku cha pata potea. Hujui umepata kivutio gani mpaka ufungue, na ule adimu uliofichwa kwenye kila toleo unaweza kuukosa mwaka mzima. Nimewaona watu wazima dukani wakitikisa kisanduku sikioni kama mtu anayechagua nazi. Ukipata usioutaka, ulikuwa unaupeleka kwa mhudumu, unabadilishana na mwingine kwenye sanduku lake. Hapo ndipo wengi wetu tulipojuana.

Msimamo wangu ni kwamba midoli ya chama ifunguliwe. Nasema hivyo kwa sababu kwenye vikao nimeanza kusikia sanduku lililofungwa likizungumzwa kama akiba ya benki, na kijana mmoja aliniuliza kama anaweza kumsomeshea mwanawe kwa Pop alizonazo. Nilimkumbusha Machi 2023, Funko yenyewe ilipotangaza kwamba itaharibu shehena yenye thamani ya kati ya dola milioni 30 na 36, kwa kuwa ghala lilikuwa limefurika na kuihifadhi kulikuwa hasara kuliko kuitupa. Mtengenezaji mwenyewe anapozipeleka jalalani, wewe unazifungia kabatini ukisubiri nini?

Mfano mzuri ni Orange Bird. Ndege huyu mwenye kichwa cha chungwa alibuniwa mwaka 1970 kwa ajili ya tume ya machungwa ya Florida, akawa uso wa kibanda cha vinywaji pale Magic Kingdom, bustani ya Disney hapa Florida, ilipofunguliwa mwaka 1971. Haimbi wala hasemi, anawaza tu mawazo ya rangi ya chungwa. Alitoweka mwishoni mwa miaka ya 1980, akarudishwa mwaka 2012. Vibubu vyake vya plastiki vya zamani leo vinatafutwa sana, na vizima ni vichache kwa sababu watoto walivitumbukiza sarafu, wakaviangusha, wakavitoboa ili kutoa sarafu. Hakuna aliyevinunua avitunze.

Halafu kuna mzimu wenye sanduku la kofia, Hatbox Ghost wa Haunted Mansion, jumba la mizimu. Jumba hilo lilifunguliwa Disneyland, bustani ya Disney ya California, tarehe 9 Agosti 1969, na mzimu huyu akaondolewa punde tu. Kichwa chake kilitakiwa kupotea shingoni na kutokea ndani ya sanduku alilobeba, lakini mwanga wa mahali pale ulikuwa unaiumbua hila yote. Alirudi mwaka 2015. Kwa miaka 46 watu walimpenda mzimu ambao karibu hakuna aliyewahi kumwona, na mdoli wake ndio wa kwanza kuombwa na wageni wanaotutembelea.

Mwaka huu wenyewe ulikuwa wa kuaga. Juni tulipoteza Muppet*Vision 3D, onyesho la filamu la vikaragosi lililokuwapo tangu 1991. Tarehe 6 Julai ilikuwa siku ya mwisho ya meli ya magurudumu ya Liberty Square, sehemu ya Magic Kingdom, na mto wake, uliokuwapo tangu bustani hiyo ilipofunguliwa mwaka 1971. Tulikwenda kundi, tukapanga foleni juani. Mtoto wa mwanachama mmoja aliuliza mto unaondolewaje. Nilimjibu kwamba utafukiwa wajenge sehemu ya magari yanayozungumza, yale ya filamu ya Cars. Akaniangalia kama nimemdanganya.

Jambo la furaha lilitoka Harambe. Mnaijua: ule mji wa kubuni ndani ya Animal Kingdom, bustani ya wanyama ya Disney, uliofunguliwa mwaka 1998, ambao wabunifu wake waliuiga kutoka Lamu. Kwenye matembezi ya Oktoba alikuwapo dada yetu aliyezaliwa Lamu, mara yake ya kwanza kufika. Alisimama mbele ya ukuta uliobanduka chokaa, akasema, “Sisi kwetu ikibanduka twatafuta fundi aipake. Hawa wamemlipa fundi aibandue!” Alirudi nyumbani, akachukua Vinylmation nyeupe ya kujipambia mwenyewe, akaichora mlango wa nakshi kifuani na kofia ya vito kichwani. Kwa maoni yangu ndiyo mdoli mzuri kuliko yote tuliyonayo, na hakuna duka lililowahi kuuuza.

Ndiyo maana kamati inaleta pendekezo moja tu la kupigiwa kura. Kila mdoli wa chama uwe na ukurasa wake kwenye daftari: unawakilisha kivutio gani, kilifunguliwa lini, kikafungwa lini, na nani kati yetu alikipanda na anakumbuka nini. Tunaye mzee aliyeingia kwenye nyambizi za 20,000 Leagues, kivutio cha Magic Kingdom, kabla hazijafungwa mwaka 1994, na mpaka leo hakuna aliyemwuliza harufu ya mle ndani ilikuwaje. Wasio na kumbukumbu waandike walichosimuliwa na waseme nani aliwasimulia.

Hesabu ziko kwenye karatasi ya mweka hazina, mmeshagawiwa. Ada haipandi. Wenye deni la miaka miwili wanajijua, sitawataja mbele ya wageni.

Kwenye uchaguzi nafasi ya mwenyekiti iko wazi. Sigombei, na si kwa sababu ya kabati peke yake.

Kikao kijacho ni Jumapili ya pili ya Februari, nyumbani kwa katibu. Kabati sasa liko kwake, chumba cha ndani, mbali na dirisha. Ufunguo anao yeye. Mimi sina, na sijauomba.