Alama 40 Hazimwambii Mwalimu Aanzie Wapi

Walimu wakuu wanaotuita shuleni mwao tuwapime wanafunzi hutuonyesha kwanza daftari la alama. Wanafunzi wawili wa darasa la tatu wamepata 40 katika Hisabati, kwa hiyo wamewekwa pamoja kwenye masomo ya jioni na kupewa maswali yaleyale. Tunapoketi na kila mmoja peke yake na kumpa 52 kutoa 17, wa kwanza anaandika 45, wa pili anaandika 69. Wa kwanza ametoa tarakimu ndogo kwenye kubwa katika kila safu bila kujali ipi iko juu, kwa kuwa hajaelewa kwamba kumi moja yaweza kufunguliwa ikawa mamoja kumi. Wa pili amejumlisha, na ni kwa kumuuliza tu ndipo tutajua kama hakuitazama alama ya kutoa au hajawahi kuifahamu. Yule wa kwanza anahitaji vijiti vilivyofungwa kumi kumi, avifungue kwa mikono yake mwenyewe. Kumwongezea maswali ishirini ya aina ileile ni kumzoesha kosa.

Upimaji wetu, basi, ni wa kubaini mahali mtoto alipokwama, wala haumpangi nafasi darasani. Katika kusoma tunapanda ngazi ambazo walimu wa KKK (Kusoma, Kuandika na Kuhesabu) wanazijua: herufi, silabi, maneno, aya, kisha hadithi fupi yenye maswali. Uwezo, mpango ulioanza mwaka 2009 na kuwapima watoto majumbani kwao Tanzania, Kenya na Uganda, ulionyesha kwamba watoto wengi wa madarasa ya juu hawakuweza kusoma hadithi ya kiwango cha darasa la pili. Tunaitilia mkazo hatua ya ufahamu kwa sababu Kiswahili husomeka kama kilivyoandikwa, na mtoto aliyezishika silabi aweza kuitamka aya nzima bila kujua inasema nini. Wapo pia waliokariri kitabu cha darasa kwa kuangalia picha. Hao tunawapa maneno yasiyo na maana, kama «lumefa» au «pomudi», ambayo hayakaririki, na palepale tunaona kama wanasoma kweli. Wengine husoma vizuri mpaka wafike kwenye «ng'ombe», wakaitamka kama wanavyotamka «ngoma». Hao wanahitaji siku chache za herufi mwambatano, hawana haja ya kurudishwa mwanzo.

Kwa kila mtoto tunatumia takribani dakika 15, mahali patulivu, na hatutangazi majibu mbele ya wenzake. Anayekunja uso akitazama ubao tunamshauri mzazi ampeleke kupimwa macho kabla ya jambo lingine lolote.

Baada ya hapo shule huyapanga makundi kwa ngazi badala ya darasa, kwa saa moja hivi kila siku, kama shirika la Pratham lilivyofanya nchini India. Kisha watoto hupimwa tena na kuhamishwa kundi. Makundi yakikaa yaleyale mwaka mzima, upimaji umepotea bure. Kwa sababu hiyo hatukubali kupima na kuondoka: tunawafundisha walimu wa shule kupima wenyewe, na duru ya pili huiendesha wao, sisi tukiwa pembeni.

Shule inayotaka kuanza muhula ujao ituarifu majuma mawili kabla ya kufungua, ikitaja idadi ya wanafunzi wa darasa la pili hadi la nne, ili tukubaliane na walimu wa madarasa hayo kuhusu ratiba.