Risala kwa mgeni rasmi, Siku ya Wakunga Duniani

Ndugu mgeni rasmi, Mganga Mkuu wetu wa Wilaya, viongozi wa kata, wakunga wa kituo chetu, bibi zetu mliokaa hapo mbele, ndugu wote, Asalaam aleikum, Bwana Yesu asifiwe.

Sisi ni kikundi cha wanawake wa hapa Masasi na wengi wetu ni watoto na wajukuu wa wakunga. Habari za mfuko wetu na wanachama utazikuta kwenye faili, leo hii 5 Mei tunaomba utusikilize kidogo tukusimulie mama zetu walivyozaa miaka ya 40 na 50.

Enzi za Mwingereza huku kusini hospitali ya serikali ilikuwa mbali, waliobeba wazazi ni misheni, Ndanda kwa masista wa Kibenediktini na huku kwetu Waanglikana, Masasi na Lulindi. Mwaka 1935 alikuja daktari wa upasuaji kutoka Uingereza, Leader Stirling, akafanya kazi huku kwetu alafu 1949 akahamia Mnero, na ndo huyohuyo baadae Mwalimu Nyerere alimpa Wizara ya Afya. Tunamheshimu sana. Lakini mgeni rasmi, daktari alikuwa mmoja na mimba zilikuwa kila kijiji, kwahiyo kazi yenyewe ya usiku na mchana waliifanya mabinti wa hapahapa waliofundishwa ukunga na misheni, na hao majina yao hayasomwi popote.

Hapo mezani kwako kuna kipembe cha mbao cha kusikilizia mapigo ya moyo wa mtoto tumboni, tunaomba ukishike. Ni cha bibi yetu mmoja ambaye ametangulia mbele za haki. Alikuwa anakiweka tumboni kwa mama, anainamisha sikio, alafu anaachia mkono kabisa, kipembe kinashikwa na sikio tu, manake ukikishika kinachukua kelele za vidole vyako ukadhani ni mtoto. Mkono mwingine upo kwenye mshipa wa mama ili asichanganye mapigo ya mama na ya mtoto. Anahesabu huku anaangalia saa, 120 mpaka 160 anatabasamu, yakianza kushuka hasemi kitu mbele ya mama, anatoka nje anawaambia wanaume tafuteni kitanda cha kamba na miti miwili. Na hapo ndo safari, mama anabebwa begani kwa zamu, mito wanavuka, wengine walifika na wengine kwakweli hawakufika.

Kitu kingine walichobadilisha hawa wakunga wa misheni ni kukata kitovu. Zamani kilikatwa kwa utete au kisu kilichopo tu, pepopunda ikaondoka na vichanga wengi, watu wakasema ni mkono wa mtu. Wao wakaja na mkasi uliochemshwa kwenye sufuria na uzi uliochemshwa, basi, na wakunga wa jadi hawakuwafukuza, waliwakalisha pembeni yao wakawaonyesha, ndo maana wanawake wakakubali kwenda misheni. Mtu wa kwenu akikwambia njoo unakuja.

Na waliotoka mbali walikuja mapema, tumbo likiwa kubwa, wanakaa vibandani karibu na hospitali na mama mkwe au dada wa kumpikia, wakisubiri uchungu. Ndo hiyo leo tunaita chigonela. Wazee wetu walishaelewa kwamba kitanda cha kamba hakishindani na mtoto aliyelala kikingama, dawa ni mama awe karibu kabla.

Mgeni rasmi, chigonela ya kituo chetu paa limeng'oka upande mmoja na akina mama wanalala wawiliwawili kitanda kimoja. Masika iliyopita mwenzetu alikosa nafasi akarudi nyumbani, uchungu ukamshika usiku, akajifungulia njiani kwenye bodaboda gizani, ni Mungu tu yeye na mtoto wakawa wazima, na mtoto mwenyewe yuko hapa leo amebebwa.

Hatukuja mikono mitupu. Tofali tumefyatua wenyewe, mchanga na mawe tumesomba kwa vichwa, fundi tutampikia. Tunachoomba ni bati, mbao na sementi, na tukimaliza hapa tunaomba tuongozane wote mpaka nyuma ya kituo ukazione hizo tofali kabla mvua haijaanza.

Ahsante kwa kutusikiliza.