Lori la pili lije na mbegu

Ikwiriri, Rufiji
Mei 2024

Ndugu yangu Hamisi,

Assalaam alaykum. Natumaini wewe, shemeji na watoto hamjambo, na kwamba mzee wa Mbagala amepata nafuu ya mguu. Sisi huku tu wazima, alhamdulillahi, ingawa uzima wenyewe ni wa kushinda na matope na kulala na mbu. Simu yako ya juzi ndiyo iliyonikalisha kitako usiku huu. Ulisema kamati yenu imeshakodi lori la pili la msaada kwa waliokumbwa na mafuriko huku, na nguo zimeanza kurundikwa pale kwa Mama Zuhura, na kabla sijakujibu mtandao ukakatika, kama kawaida yake. Basi jibu langu ni hili: naomba lori hilo lisije na nguo.

Wala sisemi haya kwa kukosa shukrani. Unga, mafuta na sabuni za lori la kwanza ziligawiwa zikaisha, na watu waliwaombea dua. Nguo ndizo zilizobaki. Viroba vyake vimejaza nusu ya ghala tulilopewa, mahali ambapo tungeweka chakula, na kina mama waliojitolea kuzichambua walimaliza siku nzima kwenye kazi hiyo huku watoto wao wakiwa kambini. Nilisimama nao walipofungua kiroba kimoja, tukatoa koti la suti lisilo na suruali, kiatu cha kisigino kirefu cha mguu wa kulia, na sweta zito ambalo hata mtu wa Makete angelivaa mwezi Julai tu. Kanga, kitu ambacho kila mwanamke huku anakiulizia, hazikuwamo. Mmoja wao alikivaa kile kiatu akachechemea nacho hadi mlangoni, tukacheka sana, na nadhani siku ile kicheko kilitufaa kuliko sweta.

Sasa nieleze ninachokitaka, na kwa kuwa wewe ni mtu wa Tanga itabidi unisikilize kidogo habari za mto huu. Rufiji ukifurika huharibu, lakini ukirudi huacha tope jeusi lenye rutuba ambalo halihitaji mbolea. Mkulima huyafuata maji nyuma yanapoondoka, akipanda mahindi, kunde na maboga katika unyevu ule ule, na mazao hukua hata mvua zikiwa zimekwisha. Hicho ndicho kilimo cha mlau, na ndicho kilichowalisha watu wa bonde hili miaka yote. Ndiyo sababu walipohamishiwa sehemu za mwinuko nje ya bonde katika Operesheni Rufiji ya mwaka 1968, baada ya mafuriko makubwa ya mwaka ule, wengi waliendelea kurudi mabondeni kulima, wakijenga madungu yao juu ya nguzo. Nawasikia wageni wakiwaita wakaidi. Mimi siwaiti hivyo, kwa maana shamba lao liko huko na maji ndiyo yanayolilisha.

Tatizo ni kwamba tope halimsubiri mtu. Maji yameanza kurudi, na atakayepanda kuanzia sasa hadi mwezi ujao atavuna kufikia Septemba au Oktoba. Tope likishakauka na kupasuka nyufa, mkulima hana la kufanya ila kungoja mvua za vuli, tena akizipata. Na mbegu hawana. Watu wengi huku hutunza mbegu zao nyumbani, mahindi yasiyopukuchuliwa yametundikwa juu ya meko ili moshi uzuie wadudu, na mwezi uliopita maji yalifika juu ya meko. Kule kijijini Muhoro nimeona nyumba ambazo alama ya tope iko karibu na paa. Kwa hiyo tuna bonde lenye ardhi nzuri kuliko mwaka wowote wa karibuni, na wenye ardhi wamekaa kambini wakipanga foleni ya unga.

Lakini mbegu peke yake haitoshi, na hapa ndipo naomba unielewe vizuri unapozungumza na mweka hazina wenu. Mbegu za dukani hupakwa dawa ya kuua wadudu na kuvu, ndiyo maana nyingine huwa na rangi ya kung'aa. Mtu mwenye njaa akipewa mfuko wa mahindi hayo atayaosha na kuyapika, na hatuwezi kumlaumu. Mbegu lazima ziende siku moja na chakula, mkono kwa mkono, ili mtu apate cha kula wakati anapanda. Nimepiga hesabu hivi: ekari moja ya mahindi hutaka kilo 8 hadi 10 za mbegu, kwa hiyo kaya 300 zenye ekari moja moja hazizidi tani tatu. Lori lenu ni la tani 10. Zinabaki tani saba za chakula, yaani zaidi ya kilo 20 kwa kila kaya. Kwa familia ya watu watano hazifiki wiki mbili, lakini zinatosha kumvusha mtu siku za kupanda. Chakula hicho kiwe unga, kisiwe mahindi, maana baadhi ya mashine za kusaga zililala majini na mwenye mahindi ya msaada yasiyosagwa huishia kuyauza nusu bei ili alipie nauli ya kwenda kusaga.

Mbegu zenyewe zisiwe chotara. Tafuteni Staha au TMV-1, ambazo zinafaa ukanda huu wa chini na mkulima anaweza kujiwekea mbegu yake mwakani, na hakikisheni mifuko ina lebo ya TOSCI, ile taasisi ya serikali inayothibitisha ubora wa mbegu. Kunde zozote nzuri zitafaa.

Jambo jingine ni orodha, ambayo imenizeesha. Kaya zilianza kuandikwa kwa jina la mume, na matokeo yake ni kwamba mwenye wake wawili aliandikwa mara moja, mke wa pili, mwenye nyumba yake na watoto wake upande wa pili wa kijiji, akakosa. Tukabadilisha, tukawa tunahesabu chungu: wanaokula chungu kimoja ni kaya moja. Haki ilirudi, lakini kufika jioni vyungu vilikuwa vimezaana, ndugu waliokula pamoja asubuhi wakidai kila mmoja anajipikia! Siku hizi orodha inasomwa mbele ya watu wote, na majirani wenyewe ndio wanaosahihisha. Ndiyo maana nakusihi msije kugawa wenyewe kando ya barabara. Leteni barua kwa kamati ya maafa ya wilaya, mzigo uandikwe kwenye leja, kisha mje mshuhudie ugawaji. Picha za bango lenu pigeni na lori. Mama aliyepoteza kila kitu asishikishwe kiroba mbele ya kamera.

Najua kule mjini habari zimehama. Mwezi uliopita, Waziri Mkuu alipoliambia Bunge kwamba mvua za msimu huu zimeua watu 155 nchini na kuathiri wapatao 200,000, simu zilikuwa hazikatiki. Tangu Kimbunga Hidaya kipige pwani na barabara ya Kusini kukatika Somanga, magari ya waandishi yanatupita hapa bila kusimama. Wanaosimama wanauliza tu kama mafuriko yametokana na bwawa la umeme la Julius Nyerere lililoko juu ya mto, nami huwajibu kwamba mto huu ulifurika 1998 na 2020, bwawa likiwa halijaanza kujazwa, na kwamba mjadala huo, hata ukiwa na maana, hautupi kilo moja ya mbegu.

Basi nijibu haya mapema, hata kwa ujumbe mfupi. Je, kamati itakubali kubadilisha mzigo, au yule katibu wenu ameshawaahidi waumini nguo? Zilizokwisha kukusanywa mnaweza kuziuza hapo hapo Tandika na kununulia unga? Nani anafahamiana na mtu wa duka la pembejeo Kariakoo, na bei ya Staha ikoje sasa? Lori linaweza kuondoka kabla ya mwisho wa mwezi? Na wewe mwenyewe utakuja nalo, au shemeji bado anaogopa hadithi zangu za mamba? Ukija, niletee betri za tochi na kahawa.

Wasalimie wote, na Mama Zuhura mweleze kwa upole.

Wako,
Idi