Barua ya wazi kwa wanakwaya na wapiga vyombo: kuhusu Donny Hathaway na wenzetu wanaougua akili

Kwenu vijana wa kwaya, wapiga vyombo wa bendi, walimu wa muziki, na ninyi viongozi mnaopanga ratiba za wote hao,

Wanangu, nawasalimu kwa heshima na upendo. Nimeamua kuwaandikia hadharani kwa kuwa jambo ninalotaka kulisema limezoea kusemwa kwa kunong'ona, na kunong'ona huko ndiko kunakoliharibu. Nyimbo za zamani za soul za Wamarekani weusi zimerudi masikioni mwenu kupitia simu, na kati ya waimbaji mnaowapenda sana yumo Donny Hathaway. Nafurahi kuwasikia mkijifunza kupiga kinanda kwa kumfuatisha. Lakini nayasikia pia maneno yanayoandamana na jina lake kila linapotajwa: kwamba aliimba vile kwa sababu aliteseka, kwamba kipaji kikubwa hakikai katika akili timamu, na kwamba msanii wa kweli sharti awe na wazimu kidogo. Maneno hayo si ya kweli, na yanaposemwa ndani ya kikundi chenye kijana mgonjwa, yanaweza kuua.

Hathaway alizaliwa Chicago tarehe 1 Oktoba 1945, akalelewa St. Louis na bibi yake, Martha Pitts, mwimbaji wa injili aliyeheshimika. Bibi huyo alimpandisha mjukuu wake mbele ya waumini akiwa na miaka mitatu tu, na kutoka hapo mtoto hakushuka tena: alikua akiimba, akajifunza piano, na kufikia mwaka 1964 alikuwa amepata ufadhili wa kusoma muziki katika Chuo Kikuu cha Howard, jijini Washington. Huko ndiko alikokutana na Eulaulah, binti aliyekuwa akisomea uimbaji, ambaye baadaye alimwoa, na ndiko alikoanza kufahamiana na mwimbaji Roberta Flack, ambaye naye alisoma chuoni hapo. Mwaka 1967 aliondoka kabla ya kuhitimu, kwa sababu kazi zilikuwa zimeanza kumwita. Alirudi Chicago, akafanya kazi na mwimbaji na mtunzi Curtis Mayfield, akawapangia wengine muziki, na mwaka 1969 akasaini mkataba na kampuni ya kurekodi muziki ya Atco.

Nayataja haya ya utotoni na ya darasani kwa makusudi. Mnapomsikia anavuta silabi moja juu ya noti nyingi bila maana ya neno kupotea, mnalisikia kanisa la bibi yake. Mnaposikia fidla na tarumbeta zikiingia kila moja kwa zamu yake, pasipo hata moja kuizidi sauti ya mwimbaji, mnasikia miaka ya kukaa mezani na kalamu na karatasi ya noti. Ugonjwa wake ulikuja baadaye, ukakuta sauti tayari ipo na ufundi tayari upo. Haukumwongezea hata noti moja.

Sikilizeni albamu yake ya mwaka 1972 iliyorekodiwa mbele ya watu, sehemu yake moja katika ukumbi wa Troubadour wa Los Angeles na nyingine katika ukumbi wa Bitter End wa New York. Katika wimbo wa "You've Got a Friend", uliotungwa na Carole King, anapiga noti chache tu za mwanzo kwenye kinanda chake cha umeme na ukumbi unapaza sauti kwa kuutambua. Anapofika kwenye kiitikio, wasikilizaji wanakichukua wote kwa pamoja, naye anawaachia. Hashindani nao wala hawafuniki. Anawashikia mdundo kama mwalimu wa kwaya anayejua kwamba sauti ya tatu leo imeamka vizuri na haihitaji kusukumwa. Katika albamu hiyo hiyo anampisha Willie Weeks, mpiga gitaa la besi, apige peke yake kwa dakika kadhaa, na bendi nzima inatulia kumsikiliza. Mimi ninayeimba besi sijachoka kuisikiliza sehemu hiyo, na kila kiongozi wa bendi anayedhani kuongoza ni kusikika yeye tu angefaa aisikilize. Huyo ndiye Hathaway alipokuwa na utulivu: mtu makini, msikivu, anayejua hasa alifanyalo.

Hesabuni sasa miaka yenyewe. Albamu yake ya kwanza ya studio ilitoka mwaka 1970, ya pili 1971, na ya tatu, "Extension of a Man", mwaka 1973. Kati ya hizo akatoa ile ya ukumbini pamoja na albamu aliyoimba na Roberta Flack mwaka 1972, ambayo wimbo wake "Where Is the Love" uliwapatia tuzo ya Grammy. Baada ya 1973 hakutoa tena albamu ya studio ya kwake mwenyewe hadi kufa. Karibu kazi yote inayowafanya mlitaje jina lake leo ilijengwa katika miaka isiyozidi minne hivi, na mwili wake ulikuwa bado wa kijana.

Kilichoikatisha kazi hiyo kina jina hospitalini. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 madaktari walimkuta na ugonjwa wa akili uitwao skizofrenia, wa aina ile inayomjaza mtu hofu na shuku hata kwa wanaomtakia mema. Alilazwa mara kadhaa, na akapewa dawa nyingi na kali. Mkewe Eulaulah alieleza kwamba alipozitumia kwa utaratibu alikuwa na utulivu wa kutosha, ila hakuzitumia kwa utaratibu siku zote. Wanangu, naomba neno hili la mkewe mlishike kuliko mengine yote yaliyomo katika barua hii, kwa sababu ni ushuhuda wa mtu aliyeishi na mgonjwa nyumba moja. Mtu yule yule, kipaji kile kile, alikuwa na siku za kuweza na siku za kushindwa, na kilichotofautisha mara nyingi kilikuwa matibabu.

Ugonjwa uliingia pia katikati ya urafiki. Kubadilikabadilika kwake kulimtenga na Flack kwa miaka kadhaa, kama kunavyowatenga wengi wetu na wenzetu tunaodhani wametugeuka makusudi. Hata hivyo wapo waliosimama. Edward Howard, aliyeandika maneno ya "Someday We'll All Be Free" katika ile albamu ya 1973, aliyaandika akimfikiria rafiki yake huyu na dhiki iliyokuwa ikimkaba kichwani. Naye Flack hakukubali mlango ubaki umefungwa. Mwaka 1978 walitoa pamoja "The Closer I Get to You", na kwa kuwa Hathaway hakuwa na hali ya kusafiri kwenda New York, sehemu yake ilirekodiwa Chicago. Kazi ilimfuata mgonjwa alipo, na wimbo ule ukapanda juu sana katika chati za Marekani. Viongozi, yaangalieni hayo kwa makini: kumbe ratiba inaweza kupinda bila kuvunjika.

Wimbo huo ulitungwa na Reggie Lucas na James Mtume. Mtaliona jina hilo la pili mkashangaa. Zama zile Wamarekani weusi wengi walichukua majina ya Kiswahili kwa fahari ya asili yao, na Hathaway mwenyewe alikuwa na binti aliyeitwa Kenya, ambaye leo ni mwimbaji, sawa na dada yake Lalah. Mtume alikuwepo studio tarehe 13 Januari 1979, walipokuwa wakirekodi nyimbo za albamu nyingine ya Flack na Hathaway. Alisimulia baadaye kwamba sauti ya Hathaway siku hiyo ilikuwa nzuri, lakini fikra zake zilikuwa zimechafuka: alisema kuna watu wanaotaka kumuua, na kwamba ubongo wake umeunganishwa na mashine ili wamwibie muziki wake. Mtume alisimamisha kazi. Usiku huo Hathaway alifariki kwa kuanguka kutoka chumba chake cha hoteli, na uchunguzi ukahitimisha kwamba alijitoa uhai. Alikuwa na miaka 33.

Simlaumu yeyote aliyekuwa studio siku ile. Kusimamisha kazi kulikuwa kitendo cha hekima, na wengi wangeendelea kurekodi ili tu wasipoteze pesa ya studio. Lakini nataka mlione pengo lililobaki kati ya kazi kusimama na usiku kuingia, kwa sababu pengo hilo tunalo hata sisi. Mwenzetu anapoanza kusema mambo yasiyoeleweka mazoezini, tunafunga mazoezi mapema, tunatazamana, kila mtu anashika njia yake, naye anarudi chumbani peke yake na hofu zake.

Ninachowaomba ni kwamba pengo hilo lizibwe na watu walioteuliwa mapema, akili zikiwa zimetulia. Kila kikundi kiwe na wawili, mmoja wa kike na mmoja wa kiume, wanaojua ndugu wa kila mwanakikundi na namna ya kuwapata. Mwenzenu akisema anasikia sauti, au kwamba anafuatwa, au kwamba hataki tena kuishi, msibishane naye wala msimcheke, na msimwache peke yake hata saa moja. Muulizeni wazi kama anafikiria kujiua. Kumuuliza hakumpandikizii wazo hilo, bali kunampa ruhusa ya kulitoa kifuani. Kisha mpelekeni hospitali siku hiyo hiyo. Hospitali nyingi za rufaa za mikoa zina vitengo vya afya ya akili, na mtu hahitaji kufungwa kamba kwanza ndipo astahili kupelekwa huko.

Najua kuna wanaosema amerogwa, na wengine wanasema ni pepo. Mimi ni mtu wa kanisani na sitamzuia mtu yeyote kuomba; ombeni, na mkimaliza kuomba mhakikishe amemeza dawa zake. Kinachoniumiza ni kumsikia kiongozi wa maombi akimwambia kijana kwamba kuendelea na vidonge ni upungufu wa imani. Mwenye kisukari hatumwambii hivyo. Kuacha dawa hizi ghafla ni jambo la hatari, hata pale mgonjwa anapojiona amepona, na kama zinamletea usingizi mzito au kutetemeka mikono, jambo ambalo humwogopesha sana mpiga kinanda, ni daktari wa kupunguza au kubadilisha, na ninyi wenzake ni wa kumsindikiza akaseme hivyo. Wahenga walisema mficha maradhi kilio humfichua, lakini kwa maradhi haya, mara nyingi wanaoficha ni familia na viongozi, kwa kuogopa aibu, huku mgonjwa mwenyewe akiwa amekwisha kulia na kuomba msaada kwa njia zote anazozijua.

Kuhusu pesa sitasema mengi: mfuko wa kikundi unaotosha kununua sare mpya unatosha pia nauli ya kwenda kliniki. Kuhusu jukwaa nitasema zaidi kidogo. Msimpandishe mgonjwa jukwaani kwa sababu tu watu wamekwisha kulipa kiingilio, na wala msimfute kabisa kwenye kikundi kwa sababu aliwahi kuzidiwa. Awepo mwingine aliyejifunza sehemu yake, ili siku akishindwa asione kwamba ameangusha kila kitu, na siku akiweza akikute kiti chake bado ni chake. Wasanii wengi wamepona vya kutosha wakaendelea na kazi zao kwa miaka mingi, na ninaamini Hathaway angeweza kuwa mmoja wao.

Nimeambiwa kwamba katika kwaya moja mnayoifahamu yupo kijana wa kinanda ambaye hajaonekana mazoezini kwa muda mrefu, na linalosemwa juu yake ni kwamba anaringa. Mtembeleeni kabla ya Jumapili. Nendeni wawili au watatu, msiende kundi zima. Msimwulize madeni ya ada wala sababu za kukosa mazoezi. Kaeni, mle naye, msikilize anachosema hata kama hakina mpangilio, zungumzeni na mama yake, na kama hajaonana na daktari, pangeni ni nani kati yenu atakayempeleka na siku gani. Mkiagana naye mwambieni lini mtarudi, na siku hiyo mrudi.

Wenu katika huduma,
Mzee wenu wa sauti ya nne