Mwanangu, usione muhali mbele ya hesabu

Mwanangu mpendwa,

Marahaba kwa salamu zako. Habari ya kwamba umepangiwa timu ya ukaguzi wa halmashauri na kwamba utaripoti Dodoma mwanzoni mwa mwezi nimeipata kwa mdogo wako, si kwako mwenyewe, na jambo hilo limenisononesha, ingawa furaha imelifunika. Bibi yako amekwisha kuwatangazia majirani wote kwamba mjukuu wake anakwenda kuikagua serikali, nami sikumrekebisha, kwa sababu hajakosea.

Nakuandikia kabla hujaondoka kwa kuwa nina hofu moja ambayo kwa simu ungeikatiza kwa kicheko. Siogopi kwamba utaiba. Ninachokiogopa ni muhali. Wewe ni mtu wa kuona muhali, tena sana, na ni mimi niliyekulea uitike "ndiyo" kwa kila mkubwa aliyeingia katika nyumba hii, hata pale ambapo "hapana" ingefaa zaidi. Habari ya mkopo uliomdhamini mwenzako unaijua, siirudii. Nataka ukumbuke tu kwamba ulitia saini fomu ile bila kuusoma ukurasa wa pili kwa sababu mwenye fomu alikuwa amesimama mbele yako akikusubiri.

Mkaguzi anayefika kwenye halmashauri hapokewi kwa matusi, mwanangu. Anapokewa kwa chai na vitumbua, anapewa ofisi iliyofagiliwa, na mweka hazina mwenye mvi anamwita binti yangu na kumwuliza hali ya mama yake. Ikifika siku ya nne mmekwisha kuwa jamaa. Ndipo inapoletwa mezani hati ya malipo isiyo na viambatisho, au masurufu, zile fedha za kazi anazotangulizwa mtumishi, ambayo marejesho yake hayajafanywa tangu mwaka wa fedha uliopita, au makusanyo ya ushuru yanayoonekana kwenye mashine lakini hayaonekani kwenye taarifa ya benki, na yule mzee anakuomba kwa upole kwamba hoja hiyo, yaani swali lako la ukaguzi, uifunge kwa sasa, vielelezo vitafuata wiki ijayo. Hakupi bahasha wala hakutishi, anakuomba tu. Hapo ndipo ninapokuogopea, kwa maana bahasha ungeikataa, lakini ombi la mtu mzima aliyekutendea wema sijui utalikataaje.

Nimelifikiri jambo hili kupitia habari ya mwanamke mmoja wa Marekani ambaye nadhani chuoni mlimpita haraka, kwa kuwa walimu hupenda kuwataja wakubwa. Aliitwa Betty Vinson, meneja wa ngazi ya kati katika idara ya uhasibu ya kampuni ya simu ya WorldCom, kule Mississippi. Mwaka 2000 wakubwa wake walimwagiza apunguze kwenye vitabu gharama za kukodi laini za mawasiliano kwa zaidi ya dola milioni 800, ili faida ifikie kiwango ambacho soko lilikuwa likikitarajia. Alijua kwamba si sawa. Yeye na mwenzake walifikia hatua ya kutaka kujiuzulu, naye barua akaiandika. Mkuu wa fedha, Scott Sullivan, akawaita, akawatuliza, akawaambia kwamba yeye ndiye atakayebeba dhamana na kwamba wabaki mpaka mambo yatengemae. Wakabaki. Agizo likaja tena, robo mwaka baada ya robo mwaka, na kuanzia 2001 gharama hizo zilikuwa zikihamishiwa kwenye mali za kudumu, kana kwamba kampuni imenunua mitambo.

Unaona mwenyewe jinsi hila hiyo isivyo na ufundi wowote. Ni kosa ambalo mwanafunzi wangu wa kidato cha tatu angesahihishiwa kwa wino mwekundu: gharama iliyopaswa kukatwa yote kwenye faida ya mwaka uleule inapandishwa kwenye mizania, yaani taarifa ya mali na madeni, kuwa mali, kisha inakatwa kidogo kidogo kwa miaka mingi. Haikuhitaji akili, ilihitaji tu mtu mwenye kalamu ambaye hawezi kuwakatalia wakubwa wake. Betty Vinson alikuwa tegemeo la kipato cha nyumba yake, alikuwa mchapakazi, na kila aliyefanya naye kazi alimsifu kwa utiifu. Mwaka 2005 alihukumiwa kifungo cha miezi mitano jela na mingine mitano ya kuzuiliwa nyumbani. Kila nikiisoma habari yake nakuona wewe, na nisamehe kwa kukuambia hivyo.

Katika jengo la kampuni hiyohiyo alikuwapo Cynthia Cooper, mkuu wa ukaguzi wa ndani. Mwaka 2002 yeye na timu yake ndogo walianza kufuatilia maingizo yale, mara nyingi usiku, ili wasijulikane. Sullivan alipogundua akamwomba aahirishe ukaguzi huo kwa miezi kadhaa. Cooper akakataa, akaipeleka habari kwa kamati ya ukaguzi ya bodi, na Juni mwaka huo kampuni ikalazimika kutangaza hadharani kwamba dola bilioni 3.8 zilikuwa zimeandikwa isivyo halali. Mkubwa aliyemwomba Vinson avumilie ndiye aliyemwomba Cooper angoje. Nakusihi uwaweke wanawake hawa wawili kichwani mwako, kwa sababu sidhani kwamba mmoja alizaliwa shujaa na mwingine mwovu. Mmoja alikubali ombi la kwanza, na baada ya hapo kila ombi lilikuwa rahisi kukubalika kuliko lililotangulia.

Usiniambie kwamba haya ni ya watu wa ndani ya kampuni na wewe utakuwa mkaguzi wa nje. Arthur Andersen walikuwa wakaguzi wa nje, tena miongoni mwa walioheshimiwa kuliko wote duniani, na mwaka 2000 Enron, kampuni ya nishati ya Marekani, iliwalipa dola milioni 25 kwa ukaguzi na dola milioni 27 kwa huduma nyingine. Utamkataliaje mtu anayekulipa hivyo? Inasimuliwa katika taaluma yetu kwamba mwasisi wa ofisi hiyo, aliyeifungua Chicago mwaka 1913, aliwahi kuikatalia kampuni ya reli hesabu zilizopindwa, akampoteza mteja huyo bila kujuta. Waliorithi jina lake walishindwa kukataa, Enron ikaanguka kwa hesabu za udanganyifu, na mwaka 2002 ofisi yenye wafanyakazi wapatao 85,000 ikasambaratika. Mahakama ya Juu ya Marekani ilitengua mwaka 2005 hukumu ya hatia iliyoipata ofisi hiyo katika sakata la Enron, lakini wakati huo hapakuwa tena na ofisi ya kurudishiwa heshima.

Huku kwetu una watu wa kuwatazama, na ningependa uwatazame wao kwanza kabla ya hao wa ng'ambo. Mzee Ludovick Utouh, aliyekuwa Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali kuanzia 2006 hadi 2014, ndiye aliyesimamia ofisi hiyo wakati ilipopata sheria yake ya ukaguzi ya mwaka 2008, na ripoti zake zikaanza kusomwa hata na watu wasiojua maana ya leja. Mei 2012, baada ya Bunge kuchachamaa juu ya ripoti yake, Rais Kikwete alipanga upya Baraza la Mawaziri na mawaziri sita wakaachwa. Nakumbuka jinsi watu sokoni walivyokuwa wakiuliza hati yenye shaka, ile anayoitoa mkaguzi akikuta kasoro kwenye hesabu, ni hati gani. Alipostaafu hakukaa kimya, alianzisha taasisi ya WAJIBU ili kuzieleza ripoti hizo kwa lugha ambayo mwananchi anaielewa. Kwa maoni yangu kazi hiyo ya pili ni sawa na ile ya kwanza kwa uzito, maana ripoti isiyoeleweka na mwenye fedha haijamfikia mwenyewe.

Kisha Profesa Mussa Assad. Aliulizwa akiwa New York, mwishoni mwa 2018, kwa nini hoja za ukaguzi hazifanyiwi kazi, akajibu kwamba kwake yeye huo ni udhaifu wa Bunge. Aliitwa mbele ya kamati ya Bunge kujieleza, hakuyafuta maneno yake, na Aprili 2019 Bunge likaazimia kutofanya kazi naye. Novemba mwaka huo nafasi yake ikapewa mwingine. Desemba 2022 Mahakama Kuu ikaamua kwamba kifungu cha sheria kilichotumika kumwekea ukomo wa miaka mitano kinapingana na Katiba. Miaka mitatu ilikuwa imepita. Sikufichi kwamba nilipolisoma jina lake safari ile nilisali usichague kazi hii, na sasa umeichagua, nami najivuna hadi naona haya. Mambo hayo mawili yamo ndani yangu kwa pamoja na sijui lipi lina nguvu zaidi.

Lakini usije ukadhani kwamba kutokuona muhali ni kuwa mkali kwa kila mtu. Kuna kosa la upande wa pili, nalo ni kumhukumu mtu kwa tarakimu ambayo hujaifuata hadi mwisho wake. Unakumbuka zile shilingi trilioni 1.5 za ripoti ya mwaka wa fedha 2016/17, ambazo mwaka 2018 nchi nzima ilikuwa ikiuliza ziko wapi? Serikali ilijibu bungeni kwamba sehemu ya tofauti ile ilitokana na IPSAS, yaani viwango vya kimataifa vya uhasibu wa sekta ya umma, vinavyohesabu mapato tangu haki ya kuyapata inapothibitika, hata kama fedha haijaingia benki, na sehemu nyingine ilikuwa mapato yaliyokusanywa kwa ajili ya Zanzibar. Majibu ya namna hiyo hayapokelewi kwa kuwa aliyeyatoa ni mkubwa, wala hayakataliwi kwa kuwa aliyeyatoa ni mkubwa. Yanadaiwa vielelezo, vielelezo vinasomwa, kisha hoja inafungwa au inabaki wazi. Ukiwa huna hakika, iache wazi na uandike kwamba iko wazi. Huna deni la kumfurahisha yeyote kwa kuifunga.

Viwango vyenyewe usivifanye kinga ya kujifichia. Sir David Tweedie, aliyeiongoza bodi ya viwango vya kimataifa vya uhasibu kule London kuanzia 2001 hadi 2011, alikuwa akisema kwamba anatamani siku moja asafiri kwa ndege ambayo kweli imo kwenye mizania ya shirika linaloirusha, kwa sababu mashirika yalikodi ndege zao kwa mikataba mirefu na madeni hayo yasionekane mahali popote. Kanuni ya wakati ule iliwaruhusu. Mkaguzi aliyeipitisha mizania hiyo hakuvunja kanuni yoyote, na bado msomaji hakuelezwa ukweli wote. Ilichukua hadi Januari 2019 kwa kiwango kipya cha mikataba ya kukodi kuanza kutumika. Kwa hiyo ukikuta zahanati ambayo karatasi zake zote zimetimia, vocha, stakabadhi na fomu ya kupokelea dawa, ingia stoo uhesabu maboksi kwa mkono wako, na kama stoo imefungwa na mwenye ufunguo amesafiri, mngoje. Utaambiwa gari la kurudi mjini linaondoka. Liache liondoke. Najua utaona vibaya kuwachelewesha wenzako, ndiyo maana nakuandikia.

Mambo ya hapa nyumbani si mabaya. Presha ya bibi yako imeshuka tangu alipobadilishiwa dawa. Mabati ya jikoni yamefika, fundi anadai nyongeza ya misumari ambayo hakuiandika kwenye makisio, nimemwambia alete risiti kwanza, na amenuna. Kwenye kikoba chetu bado mimi ni mweka hazina. Sanduku lina kufuli tatu na funguo zinashikwa na watu watatu, na mimi si mmoja wao, jambo ambalo nililitaka mwenyewe. Mwezi uliopita shoga yangu unayemjua, yule aliyekufungia kilemba siku ya mahafali yako, aliniomba niandike kwamba amerejesha mkopo wake ingawa fedha angeleta baada ya mavuno. Nilikataa mbele ya wenzake. Hakunisemesha hadi mahindi yalipovunwa, akalipa yote, na bado hajarudi kunywa chai kwangu. Sikulala vizuri siku hizo, lakini kitabu kinasoma sawasawa.

Mdogo wako anataka kuacha somo la hesabu za biashara akidai kwamba ni gumu. Zungumza naye wewe, kwangu ataona ninatetea kazi yangu ya zamani.

Kuhusu nyumba ya kupanga huko Dodoma, usikubali kukaa kwa jamaa yeyote wa mtu utakayemkagua, hata kama ni bure na hata kama ni ndugu wa mume wa shangazi yako, ambaye najua atakupigia simu. Mwambie mama amekataa, nami nitakubali lawama hiyo kwa moyo wote. Fedha ya kodi ya miezi ya mwanzo nimeitenga, nitaituma Ijumaa, nawe unitumie nakala ya mkataba wa nyumba baada ya kuusoma wote, pamoja na ukurasa wa pili. Unieleze pia kiongozi wa timu yako ni mtu wa namna gani, na kama ni mtu anayekubali kijana wake aseme kwamba hajaridhika.

Mimi mama yako,
Korogwe